Meno Yaliyotafutiwa Mwenyewe

Jamani, habari hii nimeikalia tangu mwezi wa tatu, na kama si Shangazi Ndeshi kuanza kuisimulia vibaya pale usharikani (anasema nilimeza meno, na mimi sikumeza meno ya mtu yeyote), ningeendelea kuikalia mpaka nizeeke nayo. Sasa bora niiseme mwenyewe na aibu zangu zote, kuliko kuwaachia watu wanaotia chumvi kwa koleo.

Mimi ni mtu wa ndani. Ukinitafuta Jumamosi hapa Fridley, Minnesota, huku Marekani, ukanikosa, ujue hukubisha hodi vizuri, maana nipo, nimevaa soksi juu ya soksi, nimekaa kati ya hita na dirisha natazama watu wengine wakichimbua magari yao kwenye theluji. Elimu niliyonayo kwa cheti ni ya kidato cha nne, shule ya kutwa kule Meru, mkoa wa Arusha. Hii ya chuo kikuu nipo mwaka wa tatu na bado tunaviziana. Ninachokitafuta huko ni njia ya kuingia shule ya udaktari wa meno. Ndiyo, cheka. Shangazi naye alicheka, na yeye ndiye aliyenileta nchi hii na kunipa chumba.

Anayenijua anajua kinachochekesha. Meno yangu ni ya kahawia. Si kahawia ya mtu asiyepiga mswaki (napiga, asubuhi na jioni, mpaka fizi zinaomba msamaha), ni kahawia ya maji. Kwetu chini ya mlima, maji yana madini ya floraidi kupita kiasi, na mtoto anayekua akiyanywa, meno yake yanaota yana rangi ya chai ya rangi, mengine na madoadoa kama yai la kware, na hayo hayatoki kwa mswaki wala mkaa wala limau, nimejaribu vyote. Kule hakuna aliyejali. Mama yangu anayo, mwalimu wangu wa hesabu alikuwa nayo, mchungaji aliyenipa kipaimara alikuwa nayo, na yule binti wa kidato cha tatu, ambaye jina lake halitatajwa hapa kwa kuwa sasa ni mke wa mtu, alikuwa nayo, na akicheka nilikuwa naona dunia nzima imekaa sawa. Darasa zima tukicheka ilikuwa kama mtu kamwaga sinia la korosho zilizokaangwa.

Nilipofika Minnesota ndipo nilipojua kwamba nina meno. Kijana mmoja maabara aliniuliza, kwa ule upole wa watu wa huku ambao unauma kuliko tusi, kwamba nimevuta sigara kwa miaka mingapi. Nikamjibu sijawahi, akasema oo, akaangalia viatu vyake. Tangu siku ile nikajifunza kucheka nimefunga midomo, kama mtu aliyeficha kitu asichotaka wenzake wakione, na kwa miaka minne sikuwahi kucheka vizuri nje ya mlango wa Shangazi.

Sasa, ili uombe shule ya meno, alama nzuri peke yake hazitoshi. Wanataka uwe umekaa na daktari wa meno kwa masaa mengi ukimtazama akifanya kazi, naye anakusainia kila saa, na mwishoni akuandikie barua kwamba anakujua na unafaa. Mimi nilikuwa na alama lakini sikuwa na daktari. Niliandika kwa kliniki kumi na tisa, za Roseville, za Coon Rapids, mpaka zile za mbali ambazo kwa basi ungeondoka leo ukafika kesho. Kumi na nane zilinyamaza. Moja ya Roseville ikajibu: Daktari Karin, mama wa miaka hamsini na kitu, kwamba nije Jumatatu saa mbili asubuhi nikae siku moja, na tukiona tunaelewana nitakuwa nakuja mara mbili kwa wiki mpaka kiangazi, na habari ya barua tutaiongea. Yaani siku moja. Nikiiharibu hiyo, hakukuwa na kliniki ya ishirini.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikawaza, nitaendaje kwa daktari wa meno na meno haya, si ni sawa na kwenda kuomba kazi ya kinyozi na nywele zina majani? Nikaingia kwenye simu nikaagiza meno ya kubandika. Ni ganda la plastiki jeupe, unalichovya kwenye maji ya moto, unaling'ata, linashika juu ya meno yako ya mbele. Yalipofika nikayavaa nikaenda sebuleni kwa madaha. Shangazi alikuwa anavaa sare ya shifti. Akanitazama kwa muda.

"Eli, toa hiyo piano mdomoni."

Nikamwambia ndivyo watu wanavyofanya. Akasema watu gani, na mama yangu akinipigia kwa video nikatokea hivyo atadhani simu imekosea njia. Sikumsikiliza. Karatasi ya maelezo ilisema nisile nikiwa nimeyavaa, na hiyo nayo niliisoma nikaiweka pembeni.

Jumatatu nikafika dakika ishirini kabla ya wakati. Mapokezi kulikuwa na mama mmoja mchangamfu anaitwa Brenda, nikamwonyesha piano yote, akasema karibu. Tatizo likaanza nilipotaka kusema ahsante, kwa sababu lile ganda lilikuwa linafanya kila neno litoke kama nina ugali wa moto mdomoni. Nikaamua kutosema. Kila nikiulizwa natingisha kichwa. Daktari Karin akaniambia anapenda mwanafunzi mtulivu, wengine wanaongea kama wako redioni. (Na hapa ndipo mnione mjinga kamili: dakika tano baadaye tulipewa barakoa, tukazivaa asubuhi yote. Ningeweza kwenda na meno ya babu yangu na mtu asijue.)

Lakini asubuhi ile sitaisahau kwa jambo jingine. Alikuja mzee mmoja mrefu, jino la nyuma limekatika nusu, na Daktari Karin akalijenga upya mbele ya macho yangu, tabaka kwa tabaka, akaligandisha kwa mwanga wa bluu, kisha akalichonga vile vilima vidogo na mabonde ambayo mimi nilikuwa nimeyakariri kitabuni kama majina ya mito. Mzee akang'ata, akang'ata tena, akasema, "Limerudi." Mikono yangu ilikuwa inawasha ndani ya glavu. Nilitamani ile kazi kama mtu anavyotamani chakula cha kwao.

Ikafika saa ya chakula. Kumbe ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Brenda, na watu wa huku siku kama hiyo hawaletewi keki, wanaleta wenyewe, na Brenda alikuwa ametengeneza vile vipande bapa vya karameli na shayiri ambavyo ukivikunja vinakataa. Mtu mwenye akili angesema ahsante nimeshiba. Lakini mama yangu alinilea kwamba kwenye nyumba ya watu, siku ya kwanza, ukiletewa kitu unaonja, na unaonja papo hapo ukiangaliwa, ili aliyekileta moyo wake utulie. Labda ningeponyoka, ila Brenda alikuja na kile kisahani amekishika kwa mikono miwili. Mikono miwili ndiyo iliyonimaliza. Nikapokea kwa mikono miwili, nikang'ata.

Nikasikia kitu kimeachia. Nikavuta kipande kilichobaki mkononi. Kipande ndicho kilichoondoka na meno. Nikainama kama napiga chafya, nikafunika yote kwa karatasi ya mkono, meno na karameli na heshima yangu, nikaweka kwenye kisahani nikisubiri nafasi ya kwenda nacho chooni. Brenda kwa wema wake akapita akikusanya visahani. Akachukua na changu, akakitupa kwenye pipa. Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? "Samahani, nirudishie takataka zangu"? Nikapandisha barakoa, nikasema moyoni, basi, imekwisha, na bora imekwisha.

Haikwisha. Brenda alikuwa amekuja na kisu chake cha kukatia kutoka nyumbani, na baada ya nusu saa akakikosa, akaanza kupekua pipa. Kisha akaja chumba cha matibabu amefungua ile karatasi kwenye kiganja, uso umebadilika, na ndani yake mimi mwenyewe, meno sita ya juu, yanang'aa katikati ya karameli.

Ninyi mnacheka, lakini kwenye kliniki meno ya mgonjwa kukutwa kwenye pipa si jambo la kuchekesha. Daktari Karin aliyatazama haraka tu, yamejaa utomvu wa sukari, akasema yaoshwe, yatiwe dawa, mwenyewe atafutwe upesi kabla hajala chakula cha jioni. Brenda akayaweka kwenye kikombe cha plastiki chenye maji, kinachoonyesha ndani, akakisimamisha kaunta ya mapokezi, na Daktari Karin mwenyewe akashika simu kuwapigia wagonjwa wa asubuhi, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na boksi la glavu kifuani. Simu ya kwanza nikasema nitamwambia akimaliza. Akamaliza, akaanza ya pili. Ya tatu alikuwa yule mzee mrefu, aliamshwa usingizini akaombwa apitishe kidole mdomoni ahesabu, na sote tulisubiri akihesabu. Ya nne nilijifanya nahesabu glavu. Na kila nilipokaa kimya, kusema kukazidi kuwa kugumu, mpaka nikafikia mahali nikaanza kumwonea huruma huyo mtu aliyepoteza meno, kama si mimi.

Saa nane mlango ukafunguka akaingia Mama Zawadi. Jina nililiona kwenye orodha: mkimbizi kutoka Kongo, hana meno ya mbele juu, anatengenezewa mengine na siku ile alikuja kukaguliwa fizi tu, meno yenyewe yalikuwa bado kwa fundi mpaka Alhamisi. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, mkalimani alikuwa aunganishwe kwa simu. Brenda alikuwa amempa mgongo, anatafuta namba. Mama Zawadi akaegemea kaunta, akaona kikombe.

Akatabasamu peke yake. Akachukua kikombe, akamwaga maji kwenye chungu cha maua, akatoa meno, akaanza kuyakausha kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, kama mtu anayefuta picha ya ndugu. Kisha akafungua kinywa.

Nilitupa boksi la glavu.

"Mama, shikamoo, usiweke, nakuomba." (Shikamoo kwanza. Sisi hata nyumba ikiungua tunaamkia.)

Akageuka, mkono hewani. "Marahaba. Kwa nini nisiweke, papa? Hii meno ni yangu. Nilingojaka sana. Jumamosi mutoto wangu anashuka na ndege, nitamupokea na kinywa wazi hivi?"

"Si yako, mama. Yako yanakuja Alhamisi."

"Na hii ni ya nani?"

Watu watatu waliokuwa wanasubiri walikuwa wameinua vichwa. Daktari Karin alikuwa ametoka mlangoni, simu bado iko mkononi. Hawakuelewa maneno lakini walielewa kwamba kuna swali limeulizwa.

"Ni yangu mimi."

"Weye? Kijana muzima?" Akanikagua juu hadi chini. "Shusha hiyo kitambaa."

Nikashusha barakoa. Akasema nifungue, nikafungua. Akanishika kidevu kwa vidole viwili akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, mbele ya ukumbi mzima, na mimi nikafumba macho nikingoja kile ninachokingoja siku zote.

"Aah," akasema. "Weye ni mutu wa Arusha."

Nikafumbua macho.

Akaniambia alikaa kambini Kigoma miaka mingi, na huko kulikuwa na mwalimu mmoja wa kutoka Arusha mwenye meno kama haya haya, mtu wa kucheka sana, watoto walikuwa wanamsikia kabla hajafika. Akasema hayo huku bado ameshika kidevu changu. Jamani, miaka minne nimeulizwa ninatoka wapi, na nikisema Tanzania naulizwa habari za simba. Huyu mama hakuuliza. Aliona tu mdomo wangu akasoma nyumbani kwetu, na mimi nikatamani kukaa pale pale chini kwenye zulia la watu nisikilize habari za yule mwalimu hadi jioni, alikuwa anafundisha nini, alikuwa anachekea nini, kama alitaja kijiji chake.

Lakini Daktari Karin alikuwa anasubiri. Nikamweleza kwa Kiingereza, yote, piano na maji ya moto na karameli. Brenda akaweka simu chini polepole, akafunika mdomo, sikujua kama anacheka au anasikitika, nadhani vyote.

Daktari Karin hakucheka. "Ulikuwepo nilipokuwa napiga simu?"

"Nilikuwepo."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Akanipa simu. Akasema niwapigie wote, mmoja mmoja, niwaambie meno yamepatikana na mwenyewe ni nani. Nikapiga. Wawili walisema hakuna shida, mmoja alinitakia siku njema kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kumsimulia mkewe, na yule mzee mrefu alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema ni vizuri nimempigia, kwa sababu alipopitisha kidole kuhesabu aligundua shimo jingine upande wa kushoto, nimwandikie tarehe. Nikamwandikia.

Jioni akaniita ofisini. Aliniambia (nafupisha, maana aliongea taratibu na kila neno nililisikia mara mbili) kwamba meno ya kahawia anayafahamu, ni maji, si kosa la mtu, na siku nikitaka kuyashughulikia atanieleza njia. Ila mtu anayeweza kusimama kimya akimwangalia yeye anahangaika na simu, mtu huyo hajui amweke wapi karibu na mgonjwa. Akavuta fomu yangu ya masaa. Siku ile nilikaa masaa manane. Akaandika manne.

"Asubuhi ulikuwepo," akasema. "Alhamisi, saa mbili."

Nilitoka pale nisijue kama nimefukuzwa au nimeokoka. Nyumbani Shangazi alinitazama mara moja akauliza piano iko wapi. Nilipomwambia alicheka akiwa ameshikilia jokofu, na katikati ya kicheko akanivuta kichwa akakilaza begani kwake, halafu akaendelea kucheka hapo hapo juu ya kichwa changu. Nilitaka kumpigia mama. Lakini kwetu ilikuwa saa saba ya usiku, na mama akiamshwa na simu anadhani kuna msiba.

Alhamisi nilirudi na mdomo wangu. Mama Zawadi naye akarudi, na meno yake halisi yalikuwa yamefika, madogo, ya rangi ya kawaida, si kama piano yangu. Daktari Karin akayaweka, akapunguza hapa na pale, akampa kioo. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani siku ile. Mama Zawadi akajitazama muda mrefu. Akafunga mdomo, akafungua. Daktari akauliza kama yanauma, nikauliza, akasema hayaumi. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kama hataki Daktari asikie ingawa Daktari asingeelewa:

"Mutoto wangu, tangu akili imuingie ananijua bila meno. Miaka tisa hajaniona. Sasa nikisimama pale na hii, atanijua?"

Daktari Karin akauliza amesema nini. Nikatafsiri. Daktari akaweka chini kile chombo alichokuwa ameshika.

Mama Zawadi akajijibu mwenyewe. Akayatoa, akayaweka kwenye kijisanduku chake, akakifunga, akakitia kwenye mkoba.

"Kwanza anione mimi," akasema. "Meno ataiona wakati wa kula."

Mpaka naandika hivi nimefikisha masaa arobaini na mawili kati ya mia yanayotakiwa. Barua haijaandikwa, na mimi sijaiulizia. Nikikosea kitu sasa hivi nakisema kabla hakijadondoka sakafuni, mpaka Brenda ameniomba nipunguze, nilimwita juzi kumwambia kwamba nimetumia kalamu yake. Kuhusu vitu vya kubandika, nimeapa, na Shangazi alikuwa shahidi: iwe meno, iwe kingine, hakiingii tena mdomoni mwangu. Siku nikiwa daktari nitawawekea watu meno, tena mazuri, na kila mmoja nitamuuliza kwanza ni nani anayekwenda kumpokea.

Mimi wa kunipokea ni mama. Hajaniona miaka minne, macho yake si yale, na kwenye simu hushika skrini karibu mno mpaka naona paji la uso tu. Siku nitakayoshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikitokea pale mlangoni na mabegi katikati ya watu wengi, nataka nicheke kutoka mbali, mdomo wote, ili kabla hajafika hata kuvaa miwani awe ameshaanza kuja.